Dakika Nzima ya Bwana Usingizi

Nilimpa mama vidonge vyote viwili. Nimelikana jambo hilo kwa miaka kumi na moja: mbele ya kamati ya hospitali, mbele ya kaka yangu, mbele ya padre kwa kulinyamazia, na mbele ya kioo, ambako kudanganya ni rahisi zaidi kwa kuwa anayeuliza na anayejibu wamesoma chuo kimoja. Asubuhi ile niliambiwa nimpe kidonge kimoja na kingine nikiache. Nikampa vyote. Kisha nikaulizwa nimempa nini, nikajibu kimoja.

Aliyeniambia na aliyeniuliza ni mtu yule yule, naye ndiye ninayetaka kumweleza. Sitasema ni mtoto wa nani wala alizaliwa kilima gani cha Ngara. Hospitalini alikuwa Bwana Usingizi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwalaza watu kabla ya kupasuliwa na kuhakikisha wanaamka. Hii ni mara ya nne ninamwandika. Mara tatu za kwanza nilimwandika gazetini, bila jina, kama mfano wa uzembe katika utumishi, na wasomaji walinipongeza kwa ujasiri.

Nilimjua tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi. Mama alikuwa dobi wa hospitali ile ya misheni. Alifua mashuka na nguo za kijani za chumba cha upasuaji, nami nikitoka shule nilimngoja kwenye kamba za kuanikia. Bwana Usingizi alitoka kupumzika hapo hapo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala hindi la kuchoma. Alikuwa na karatasi ndogo ya chumvi mfukoni, na kila punje aliipitisha kwenye chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa na presha ya kupanda, na siku nzima aliwakemea wagonjwa wa presha wasile chumvi.

"Na wewe je?" mama alimuuliza.

"Mimi najua ninavyokufa. Wao hawajui."

Mama alicheka hadi akaangusha vibanio. Alimwamini mtu huyo kuliko alivyowaamini mapadre, na padre mmoja aliwahi kumlalamikia.

Jambo la kwanza ambalo mtu angekwambia juu yake ni dakika. Manesi wengi hupima mapigo ya moyo kwa robo dakika, wakazidisha kwa nne. Yeye alihesabu dakika nzima, hata kwa kijana mwenye jipu. Saa yake ilikuwa ya mkono, ya kutia ufunguo, na wakati anahesabu hakujibu mtu, hata daktari. Alisema moyo unaweza kukudanganya kwa robo dakika, ila dakika nzima hauiwezi, utajisahau. Barabarani watu waliogopa kumpa mkono. Ukimpa, vidole vyake viliteleza taratibu hadi kwenye kifundo cha mkono, na wewe unaendelea kumsimulia habari za mvua.

"Tisini na mbili," angesema mwishoni. "Umepanda mlima, au kuna mtu umemdanganya?"

Daktari mmoja mpasuaji, mtu wa haraka na wa kelele, alimfokea siku moja mbele ya manesi: "Mpe dawa, unahesabu nini, mgonjwa anakufa." Bwana Usingizi akamaliza dakika yake, akachagua bomba moja la sindano, akasukuma kidogo, presha ikapanda. Baada ya miaka mitatu daktari yule yule alikuja kufunguliwa jipu la kwapani. Bwana Usingizi alimpima mapigo kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi mia moja na kumi na nane, manesi wote wakisikiliza, kisha akamuuliza kwa upole kama anaogopa. Mama alikisimulia kisa hicho kila Krismasi. Ningekuwa na akili ningejifunza kitu humo: kwamba huyu mtu hasahau, na kwamba analipiza kwa kufanya kazi yake vizuri.

Sinia lake la dawa nililiona mara nyingi, kwa kuwa mlango wa chumba cha upasuaji ulitazamana na chumba cha mashuka. Mabomba yalipangwa mstari mmoja, kila moja limebandikwa plasta yenye jina kwa mwandiko wake wa kulala. Wanafunzi wa uuguzi aliwafundisha kwa mpira wa bustani. Presha, alisema, ni maji ndani ya mpira. Yakipungua nguvu una njia tatu: uongeze maji, uikaze pampu, au uubane mpira. Dripu inaongeza maji. Efedrini inakaza pampu na kubana mpira kwa pamoja. Kuna nyingine inayobana mpira tu, na moyo ukiona hivyo unapunguza mwendo wenyewe, kwa hiyo usimpe mtu ambaye moyo wake tayari unasinzia. Atropini ni ya kuuamsha moyo uliosinzia. Adrenalini aliiweka peke yake pembeni mwa sinia, na plasta yake aliiandika kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo ni ya nini, mzee?" mwanafunzi angeuliza.

"Hiyo ni ya siku ambayo nyinyi mmenidanganya."

Alikuwa akisema "plesha" na "dawa ya kuregeza mishipa", kama wengi wa kwetu wanaobadilisha herufi za r na l. Katika maandishi haya nimemsahihisha kila mahali. Ni tabia yangu, na siku ile ilikuwa tabia mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo iliyomuua mama.

Mama alikuwa na ngiri ya kitovu, ya kushonwa kwa siku ya kawaida, bila haraka. Alikuwa pia na presha, na kliniki ilimpa vidonge viwili vya kila asubuhi, vyote vyeupe. Alivitoa kwenye vikaratasi vya duka la dawa, akavifunga kwenye pindo mbili za kitenge: kulia atenololi, kushoto enalaprili. Nilikuwa nimekuja kutoka Mwanza kumuuguza, na nimemaliza shahada ya pili, ya fasihi, shahada ambayo haina hata kidonge kimoja ndani yake.

Jioni kabla ya kupasuliwa Bwana Usingizi alikuja kitandani. Alimpima mama dakika nzima, wakataniana, kisha akanigeukia.

"Binti, nisikilize. Hiki cha kulia ni cha mapigo. Kesho saa kumi na mbili mpe, na maji ya kifuniko kimoja cha chupa. Umewahi kuona lori likitelemka kwenda Rusumo?"

"Nimeona."

"Liko kwenye gia ndogo, ndiyo maana halikimbii. Hiki kidonge ndiyo ile gia. Ukiitoa ghafla katikati ya mteremko, lori linaondoka na dereva wake. Kwa hiyo mpe. Hiki cha kushoto usimpe. Mwili una mkono wake wa kubana mishipa presha ikishuka. Kidonge hiki kinaufunga ule mkono. Siku za kawaida ni vizuri ufungwe. Lakini kesho nitamchoma sindano ya mgongo, na sindano hiyo inalegeza mishipa. Mishipa imelegea, na mkono wa kuibana umefungwa. Nitampandishaje?"

"Nimeelewa," nikasema.

"Rudia."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Sikuwa nimeambiwa "rudia" tangu darasa la tatu. Nikarudia, kwa sauti ya mtu anayemstahi mzee mbele ya mama yake, na moyoni nikawa nakisahihisha Kiswahili chake.

Usiku ule nilisoma kadi ya kliniki. Iliandikwa kwa herufi kubwa: USIACHE DAWA HATA SIKU MOJA. Kadi hiyo ilisainiwa na daktari, na Bwana Usingizi alikuwa na cheti tu. Mimi ni mtu ninayeamini kilichoandikwa, nimekilipia ada. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua pindo la kulia, nikafungua na la kushoto. Mama akaniuliza, "Mbona viwili?" Nikamwambia, "Kunywa, mama, wewe ni mgonjwa wa presha." Akanywa. Hata yeye, aliyemwamini yule mtu kuliko mapadre, alimwamini binti yake zaidi.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji Bwana Usingizi akauliza, "Umempa nini?"

"Cha mapigo tu."

Akaandika kwenye faili, nikimwona.

Sikuwepo ndani. Niliyoyajua niliyasikia kwa nesi aliyetoka analia. Presha ilishuka dakika chache baada ya sindano ya mgongo. Akaongeza maji, haikupanda. Akampa efedrini, ikapanda kidogo ikarudi chini. Akampa tena. Mwisho akachukua bomba la plasta nyekundu, akalitia kwenye dripu, akawa anahesabu matone, na mama akarudi. Ila ilikuwa imechukua muda mrefu. Alitoka hasemi, upande mmoja haumsikii, na siku ya tatu akafariki.

Sasa nitaeleza nilichokifanya, kwa sababu hadi hapa mtu anaweza kuniita mjinga tu, na ujinga husamehewa. Siku ya nne, kabla hata ya watu kuondoka msibani, niliandika barua. Kurasa tatu, aya zimepangika, hakuna kosa la koma. Niliandika kwamba mtaalamu wa usingizi hakuuliza mgonjwa anatumia dawa gani, hakutoa maelekezo, na alikuwa akihesabu mapigo badala ya kutoa dawa. Nakala kwa uongozi wa hospitali, nakala kwa parokia. Nilitaka afukuzwe. Baadaye nilitaka aogopwe. Mwishoni nilitaka tu asiwepo, kwa sababu alikuwa ndiye mtu pekee duniani, baada ya mama, aliyejua nilichosema pale mlangoni.

Kamati ikaketi. Nilivaa gauni jeusi. Yeye alikuja na nguo zake za kijani, zile ambazo mama alizifua kwa mara ya mwisho wiki moja kabla.

"Nilimwambia binti," alisema. "Nilimuuliza binti. Nikaandika."

"Hakuniambia," nilisema. "Hakuniuliza. Hayo kayaandika baadaye."

Wakatutazama. Mmoja wetu alikuwa analia kwa Kiswahili safi. Wakamtoa chumba cha upasuaji, wakamweka kwenye kuchemsha vifaa, na alikaa miaka miwili akichemsha mikasi ambayo haruhusiwi kusimama karibu nayo ikifanya kazi. Kisha akahamia hospitali moja ya Biharamulo, ambako walikosa mtu wa kazi yake na hawakuwa na nafasi ya kuchagua.

Lakini kwa miaka ile miwili tulikuwa naye, na kaka yangu hakutosheka na barua. Kaka ni mtu wa kahawa na migomba, huko Kanazi. Hasomi kurasa tatu, ila anajua adhabu. Alitangaza nyumbani kwamba mtu wa familia yetu hamwamkii mzee yule. Nyinyi mnaojua kwetu mnajua uzito wake. Mtu mzima mwenye mvi anapita, na vijana wa kiume wanageuka kutazama migomba. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, kaka aliishika mikono ya benchi zima, akafika kwake, akaweka yake mfukoni. Nilikuwa nyuma yake. Nami niliweka yangu kwenye pochi, nikajifanya natafuta leso.

Bwana Usingizi hakulalamika. Alifanya kitu kimoja ambacho kinamkera kaka hadi leo. Ukipita bila kumwamkia, alisimama pale pale barabarani, akainua mkono, akatazama saa yake. Alikupa dakika nzima. Ulikuwa unatembea na unajua mgongoni kwako kuna mtu anahesabu. Dakika ikiisha, alishusha mkono na kuendelea na safari.

"Anatuloga," kaka alisema.

"Anapima," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli.

Watu hupenda kusema kwamba mtu wa usingizi mwenyewe hakulala. Waliniambia hivyo kunifurahisha. Si kweli. Jirani yake aliniambia kwamba alilala saa tatu na kuamka saa kumi na moja, miaka yote ile, na kukoroma. Taarifa hiyo iliniumiza kuliko kitu chochote. Aliyeanza kutumia vidonge vya presha ni mimi. Viwili, vyeupe, kila asubuhi. Kulia na kushoto. Niliponunua dozi ya kwanza muuza dawa aliniuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuwa na tatizo hilo, nikamwambia hapana.

Mwaka huu, nikiwa kwenye basi kutoka Mwanza kwenda Ngara kwa sherehe ya mtoto wa kaka, tumbo lilinishika. Tulipofika Biharamulo nilikuwa nimejikunja kwenye kiti, natapika kwenye mfuko wa karanga. Kondakta alinishusha na mizigo yangu, na mama mmoja muuza ndizi akanipakia kwenye bajaji. Kidole tumbo, daktari akasema. Kinakaribia kupasuka, tunaingia saa nane hii. Nikamuuliza nani atanilaza. "Yupo mzee wetu mmoja," akasema, "ana mkono mzuri sana."

Akaingia. Amekonda, nywele zote nyeupe, saa ile ile. Nilijua kwamba ananijua kabla hajanitazama, kwa namna alivyosogeza kiti. Hakunisalimu, na mimi, hata kwa maumivu yale, sikumwamkia. Mazoea ya miaka kumi na moja yana nguvu. Akashika kifundo changu, akatazama saa. Nilimaliza kusali salamu Maria mbili na bado anahesabu.

"Unatumia dawa?"

"Za presha."

"Zipi?"

Nikazitaja. Hakubadilika uso.

"Leo asubuhi umekunywa nini, binti?"

Nina miaka arobaini na sita, na bado ni binti. Maumivu yalikuja, yakapita.

"Vyote viwili," nikasema.

"Asante kwa kusema." Akaandika kwenye faili. "Basi sikuchomi sindano ya mgongo. Nitakulaza kwa njia nyingine, na sinia langu nitalipanga kwa ajili ya mtu aliyekunywa vyote viwili." Akafunika kalamu. "Operesheni yako haingoji. Ya mama yako ilikuwa inangoja. Ungeniambia hivyo siku ile, ningemrudisha wodini akanywe chai, tungempasua kesho yake."

Miaka yote nilijiambia kwamba hata ningesema kweli, yangekuwa yale yale. Kidonge kilichokuwa tumboni mwa mama kilikuwa tumboni tayari. Hilo ndilo lililonishikilia. Alilichukua kwa sentensi tatu, kwa sauti ya kuagiza maji, kisha wakanisukuma ndani. Nililiona sinia. Bomba la plasta nyekundu lilikuwa pembeni.

Nilipoamka, jua lilikuwa bado dirishani na vidole vyake viko kwenye kifundo changu.

"Sabini na sita," alisema. "Presha yako ni ya mtu anayeweza kuongea. Nambari ya kaka yako unayo?"

Nikaelewa.

"Nikikataa?"

"Utapona tu. Kesho utakunywa uji, keshokutwa utatembea. Nimeshaandika kwamba umeamka vizuri."

"Kwa nini hukuniambia kabla hujanilaza?"

"Ungesema nilikutisha na sindano mkononi." Akanipa simu yangu, aliyokuwa ameitoa kwenye pochi na kuiweka juu ya shuka. "Barua moja inanitosha."

Nikapiga, nikaiweka kwenye spika kwa sababu mkono wangu mwingine hakuuachia.

"Umefika wapi?" kaka akasema. "Mbuzi tumeshamchinja, watu wanakungoja wewe."

"Niko hospitali Biharamulo. Nimepasuliwa kidole tumbo, ni mzima. Kaka, usinikatize." Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu mwingine. "Siku ile ya mama, Bwana Usingizi aliniambia nimpe kidonge kimoja. Nikampa viwili. Akaniuliza mlangoni, nikamdanganya. Barua yote ni uongo wangu."

Nilisikia watu wakicheka upande wa pili, sahani zikigongana, kisha hatua zake akitoka nje, hadi ukimya wa shambani.

"Unasema hivyo kwa sababu ya dawa walizokupa."

"Nasema kwa sababu ni kweli."

"Nilimkatalia mkono kanisani," kaka akasema. "Mbele ya watu. Nikawafundisha watoto wangu."

"Najua. Nilikuwa nyuma yako."

Kaka akauliza, "Yuko wapi huyo mzee?"

"Hapa. Ameshika mkono wangu. Anakusikia."

Nilimsikia kaka akikohoa, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia.

"Shikamoo, mzee."

Bwana Usingizi akainua mkono wake wa kushoto, akatazama saa. Sekunde kumi. Ishirini. "Halo?" kaka akasema. "Mzee?" Nikafungua kinywa kumwambia kaka kwamba laini haijakatika, na vidole vikanibana kifundo kidogo, nikafunga kinywa. Kaka naye akaelewa, nadhani, kwa kuwa hakusema halo tena. Aliisimamia dakika yote, huko kwenye migomba yake, simu sikioni, wageni wanamngoja.

Dakika ikaisha.

"Marahaba," Bwana Usingizi akasema, akaikata simu kwa kidole gumba. Kisha akauachia mkono wangu na kuvuta faili. "Tisini na nane," akasema akiandika. "Yatashuka yenyewe. Sikupi dawa."